Wakili afike kabla ya kidole gumba: barua ya wazi kwa wenye mamlaka ya sheria Lubumbashi

Kwa Mheshimiwa Mwendesha Mashtaka Mkuu kwenye Mahakama ya Rufani,
Kwa Mheshimiwa Kamishna wa Polisi wa jimbo la Haut-Katanga,
Kwa Mheshimiwa Batonie, mkuu wa mawakili, na Baraza lake la Mawakili,

Waheshimiwa,

Mimi ni mtu wa fotokopi. Kibanda changu kina mashine mbili, kompyuta moja na jenereta ndogo ya siku ambazo umeme umekatika, na kwa kuwa hakiko mbali na mahakama, kazi inayonilisha ni karatasi za kesi: maombi ya kuachiliwa kwa muda, barua za familia, nakala za hukumu, na kuliko zote ile karatasi ya maelezo ya mahojiano ya polisi ambayo kila mtu hapa anaiita PV. Sikusomea sheria. Lakini anayenakili karatasi za aina moja kwa miaka kumi na saba huishia kuzisoma hata asipotaka, na jambo ninalowaandikia leo nililiona kwanza katika karatasi za watu wengine, kabla halijaingia nyumbani kwa dada yangu.

Jambo lenyewe ni kwamba katika mji huu mtu anayetuhumiwa humpata wakili, au avoka kama tunavyosema mitaani, wakati sehemu kubwa ya kesi yake imekwisha kuandikwa. Familia huja kwangu na PV mkononi siku ya nne, ya sita, ya kumi, inataka nakala ya kumpelekea avoka ambaye ndiyo kwanza wamempata. Natazama mwisho wa karatasi nakuta kidole gumba cha wino wa bluu. Kila ninapokiona kidole hicho najua kwamba avoka huyo, hata awe hodari namna gani, anakwenda kubishana na maneno ambayo mteja wake anahesabiwa kuwa ameyakubali.

Nitaeleza ya mpwa wangu, bila kutaja komini, yaani sehemu ya mji, wala kituo cha polisi, kwa sababu sikuandika barua hii ili kumshitaki mtu.

Kijana huyo alikuwa anasukuma mkokoteni sokoni. Ijumaa moja jioni, mtu asiyemfahamu alimpa magunia mawili yaliyoonekana kuwa ya makala, yaani makaa, akamlipa nusu ya ujira na kumwambia ayafikishe mahali magari ya abiria yanapopakia, naye angemfuata nyuma. Njiani polisi walimsimamisha, wakamwaga magunia, na chini ya makala wakakuta nyaya za shaba zilizochunwa plastiki. Mwenye mzigo hakuonekana tena. Usiku uleule kijana alihojiwa kwa Kiswahili, naye akajibu kwa Kiswahili: «Ndiyo, hii mizigo ni mimi niliichukua.» Ofisa akaandika jibu lake kwa Kifaransa, kama PV zetu zinavyoandikwa, na katika Kifaransa hicho mtuhumiwa alikuwa anakiri kwamba ndiye aliyeziondoa nyaya zile kwa hila mahali zilipokuwa.

Waheshimiwa, nyote mnakijua Kiswahili. Mnajua kwamba kuchukua ni neno la hamali kama lilivyo neno la mwizi. Gari huchukua abiria, mwanamke huchukua mimba, hamali huchukua mzigo, na mwizi naye huchukua kisicho chake. Anayeandika kwa Kifaransa hawezi kuliacha neno hilo na milango yake yote wazi. Hana budi kuchagua mmoja. Ofisa wetu, aliyekuwa ametoka kuona shaba kwa macho yake na labda alikuwa amechoka, alichagua mlango uliomo katika kifungu cha 79 cha Kanuni ya Adhabu, pale wizi unapoelezwa kuwa ni kuondoa kwa hila kitu kisicho chako, kosa ambalo kwa kifungu kinachofuata adhabu yake hufika miaka mitano. Sisemi alifanya hivyo kwa ubaya. Nasema hapakuwa na mtu ndani ya chumba kile ambaye kazi yake ilikuwa kuinua mkono na kuuliza: kuchukua kupi? Kijana alisomewa Kifaransa asichokifahamu, akaambiwa aweke kidole, akaweka.

Wakili alifika Jumatano. Alipoisoma ile karatasi aliuliza sentensi hiyo ni ya nani, akajibiwa kwamba kidole ni cha mteja wake. Kufikia siku hiyo mpwa wangu alikuwa amekwisha kupelekwa parke, yaani ofisi ya mwendesha mashtaka, ameulizwa kama anayashikilia maneno yake ya Ijumaa, amejibu ndiyo kwa kuwa aliamini ni maneno yake, na amepewa hati ya kukamatwa kwa muda. Hati hiyo inamtaka afikishwe mbele ya hakimu ndani ya siku tano. Hakimu akaruhusu siku 15, kisha mwezi, kisha mwezi tena. Kulikuwa na mama muuza karanga aliyemwona mwenye mzigo akipatana bei na kijana. Tulipoanza kumtafuta alikuwa amehamishia biashara yake Kasumbalesa, mpakani na Zambia, na tulipompata kwa simu alikumbuka kofia ya yule mtu lakini hakuikumbuka siku. Siku ya kesi, hakimu, ambaye ni mtoto wa lugha hii kama sisi, alimwomba mshitakiwa arudie kwa Kiswahili maneno aliyoyasema usiku ule. Aliyarudia. Hakimu akamtazama, akaitazama karatasi, akauliza maswali matatu mengine, na wiki iliyofuata akamwachilia kwa sababu ya shaka. Mambo hayo matatu au manne aliyoulizwa hadharani yalichukua muda usiofika robo saa. Yalikuwa yamesubiri miezi minne.

Sitaki mnione kama mtetezi wa wezi wa shaba. Mtaa wetu umewahi kukaa gizani wiki mbili kwa sababu ya kebo iliyokatwa usiku, na nilipoteza kazi nyingi siku hizo. Ningefurahi kumwona aliyeikata mbele ya hakimu. Lakini aliyemkodi mpwa wangu bado anatembea, na mojawapo ya sababu ni kwamba usiku ule karatasi ilikwisha kumpata mkosaji wake, kwa hiyo hakuna aliyekwenda kumuuliza muuza karanga.

Sheria haina upungufu katika jambo hili, na ndiyo maana nawaandikia ninyi badala ya kuwaandikia wabunge. Katiba yetu ya Kongo ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 18, inasema anayekamatwa aelezwe papo hapo sababu za kukamatwa kwake na mashitaka yanayomkabili, tena kwa lugha anayoielewa. Aelezwe haki zake. Aruhusiwe kuwasiliana mara moja na jamaa zake au na mtetezi wake. Na asikae mikononi mwa polisi zaidi ya saa 48. Kifungu cha 19 kinakwenda mbele zaidi, na ningeomba kisomwe polepole: kila mtu ana haki ya kujitetea mwenyewe au kusaidiwa na mtetezi aliyemchagua, katika ngazi zote za kesi ya jinai, pamoja na uchunguzi wa polisi na ule wa parke, na hata mbele ya idara za usalama. Walioandika Katiba hawakuishia kwenye neno «mahakama». Waliutaja uchunguzi wa polisi kwa jina. Kisha katika kifungu cha 61 wakaiweka haki ya kujitetea kati ya zile zisizoondolewa hata nchi ikiwa katika hali ya hatari. Kama haki hiyo haisimamishwi na vita, naona vigumu kuelewa namna inavyosimamishwa na mlango wa kasho, chumba cha mahabusu cha polisi, siku ya Ijumaa jioni.

Kuhusu Ijumaa, nimesikia kwa masikio yangu familia zikiambiwa kwamba saa 48 huanza kuhesabiwa Jumatatu. Katiba haikutaja Jumapili.

Nikiwa mkweli, lawama si yenu peke yenu. Sisi wananchi tuna mazoea yetu, na nayasikia kila siku mbele ya mashine zangu. Wengi wanaamini kwamba kumwita avoka mapema ni kukiri kosa, kana kwamba asiye na hatia hana haja ya kusemewa. Wengine wanaogopa kumuudhi OPJ, ofisa wa polisi anayeandika PV. Wanasema, tuongee naye kwanza, ni mtu kama sisi, tukileta avoka atakasirika na bei itapanda. Neno hilo, bei, linatamkwa bila aibu. Mwingine ana shemeji anayemjua mkubwa fulani, basi siku mbili zinapita akimsubiri shemeji apigiwe simu. Na wengine wengi hawana franga tu, wala hawajui kwamba ordonansi-sheria namba 79-028 ya tarehe 28 Septemba 1979, ile inayopanga kazi ya mawakili na watetezi wa mahakama, inalitaka baraza la mawakili liwe na ofisi ya ushauri wa bure kwa wasio na uwezo. Nimewauliza wateja wangu. Wachache mno wamewahi kusikia kwamba ofisi hiyo ipo, na hao wachache waliisikia wakiwa tayari gerezani.

Basi familia inakusanya pesa. Dada yangu aliuza cherehani. Fedha ile ilikwenda kidogokidogo: ya kumsalimia mtoto, ya kumwingizia bukari (ugali), ya «kusukuma dosie» (jalada la kesi), na nyingine iliyoitwa dhamana, iliyopokelewa mkononi bila risiti, wakati Kanuni ya Mwenendo wa Kesi za Jinai inasema dhamana ya fedha huwekwa kwa karani wa mahakama. Nilipojumlisha baadaye, niliona kwamba kiasi hicho kingemlipa wakili kijana siku ile ya kwanza na chenji ingebaki. Wakili angalimwambia dada yangu kwamba pesa ya mlangoni haidaiwi kisheria, na pengine cherehani ingekuwa bado inashona.

Naomba nikae kidogo kwenye kazi anayoweza kuifanya wakili katika saa zile za mwanzo, kwa sababu watu huidhania kuwa ni kubishana kwa Kifaransa kizuri mbele ya majaji. Kazi ya mwanzo haina kelele. Anauliza umri: kijana mwenye mwili mkubwa anaweza kuwa na miaka 16, na hapo sheria ya tarehe 10 Januari 2009 ya kumlinda mtoto inamtoa kabisa katika njia ya watu wazima na kumpeleka mahakama ya watoto; na akiwa hajafika miaka 14, sheria haimhesabu kuwa na hatia ya jinai hata kidogo. Anauliza chanzo cha ugomvi: karatasi nyingi ninazonakili zenye neno «utapeli» ni madeni ya kawaida, likelemba (mchezo wa kuchangiana pesa kwa zamu) iliyovunjika, kiwanja kilichouzwa bila kulipwa kwisha, na kifungu kilekile cha 61 kinakataza mtu kufungwa kwa ajili ya deni. Anautazama mwili wa mteja, kwa sababu alama ya pigo huonekana siku ya pili na hupotea ya kumi, nasi tunayo tangu Julai 2011 sheria inayoadhibu mateso. Anamkumbusha mteja kwamba hakuna wa kumlazimisha kujishuhudia mwenyewe, haki iliyomo katika kifungu cha 14 cha mkataba wa kimataifa wa haki za kiraia na kisiasa, ambao nchi yetu iliuingia mwaka 1976. Anawatafuta mashahidi kabla hawajahama. Na hakimu akitoa amri ya kumweka mtu mahabusu, wakili anajua kwamba rufani ya amri hiyo ina saa 24 tu. Familia inayoanza kutafuta avoka asubuhi ya pili imekwisha kuchelewa bila kujua kwamba kulikuwa na mlango.

Hata upande wenu, Waheshimiwa, unapata faida. PV iliyoandikwa wakili akiwa ameketi hapo, ikasomwa kwa Kiswahili, ikasahihishwa na kutiwa sahihi na watu watatu, nani ataikana mbele ya hakimu? Nimenakili hukumu nyingi ambamo PV nzima imewekwa kando kwa kuwa mshitakiwa alidai hakuelewa alichokikubali, na kati ya hao bila shaka wamo waliokuwa wanasema uongo. Mwizi halisi anatoka kwa sababu karatasi iliandikwa vibaya. Ofisa aliyefanya kazi yake usiku kucha, pengine kwa karatasi aliyoinunua mwenyewe kwenye kibanda kama changu, anaiona kazi hiyo ikitupwa.

Ninayoyaomba hayahitaji bajeti mpya wala sheria mpya, na nitamwelekea kila mmoja.

Mheshimiwa Mwendesha Mashtaka Mkuu, maofisa wa polisi ya sheria wako chini ya uongozi wa parke katika uchunguzi wao. Waagize kwa maandishi kwamba swali la kwanza katika kila mahojiano, kabla ya jina la baba na jina la mama, liwe: umeelezwa kwamba una haki ya kuwa na mtetezi hapa na sasa, na umejibu nini? Jibu liandikwe kwa Kiswahili, au kwa lugha yoyote mtuhumiwa aliyoitumia, neno kwa neno. Zaidi ya hapo, sentensi yoyote ambayo ndani yake mtu anakiri kosa inakiliwe katika PV jinsi ilivyotoka kinywani, na tafsiri ya Kifaransa ifuate chini yake. Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa zilizotajwa katika kifungu cha kwanza cha Katiba. Mstari wake mmoja hautaichafua karatasi ya serikali. Na mahakimu wa parke, wanapompokea mtu kutoka polisi, wasimuulize tu kama anayashikilia maneno yake. Wamuombe ayaseme upya.

Mheshimiwa Kamishna, mlango wa kasho ni wako. Wakili anayefika na kadi yake asiambiwe kwamba mkubwa hayupo, arudi kesho. Jamaa anayeuliza ndugu yake yuko wapi ajibiwe bila kulipa. Na saa ya kuingizwa kila mtu iandikwe katika daftari ambalo wakili anaruhusiwa kulitazama, kwa kuwa saa 48 zisizo na mwanzo hazina mwisho.

Mheshimiwa Batonie, kwako nasema kwa upole kwa sababu mawakili wako ni wateja wangu na baadhi yao wananidai chenji. Ofisi ya ushauri wa bure iliyopo mjini tu, inayofunguliwa saa za kazi, haimfikii mtu aliyekamatwa Ruashi au Kampemba saa mbili usiku. Mnao mawakili vijana walio katika mafunzo. Panga zamu yao, wawili wawili kwa usiku, na namba moja ya simu iliyoandikwa kwa herufi kubwa katika kila kasho ya mji. Najua utasema hawatoshi, na kwamba nauli ya usiku ni tatizo, nakubali. Lakini ndugu zetu wa Malawi, walio maskini kama sisi, walianza mwaka 2000 kuwatumia wasaidizi wa sheria wasio mawakili, wakaingia magerezani na kisha kwenye vituo vya polisi kuwaeleza watu haki zao, na mwaka 2004 mkutano uliofanyika Lilongwe uliipendekeza njia hiyo kwa Afrika nzima. Wanafunzi wa sheria wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi hawako mbali, na wengi wao hunijia kuchapisha kazi zao za mwisho kuhusu haki za mshitakiwa, kurasa 80 zilizojalidiwa vizuri. Wangeweza kuzisema kwa sauti mara moja kwa wiki mbele ya watu wanaozihitaji.

Kuna atakayesema kwamba wakili akikaa katika kila mahojiano, hakuna atakayekiri tena. Sijui kama hofu hiyo inatoka kwa anayetafuta mkosaji au kwa anayetafuta sahihi. Mpwa wangu alikiri kitu cha kweli kabisa: aliichukua mizigo ile, kwa mkokoteni wake, kwa ujira ambao nusu yake hajalipwa hadi leo.

Mimi kwa upande wangu nimekwisha kuchapa ukurasa mmoja kwa Kiswahili cha kawaida, wenye maneno ya kifungu cha 18 na cha 19, na nafasi tupu chini kwa ajili ya namba ya simu ambayo Mheshimiwa Batonie atakubali kuitoa. Nimetoa nakala mia mbili kwa karatasi yangu na wino wangu. Ziko kibandani ndani ya boksi, juu ya mashine ya pili. Nangoja ruhusa ya Mheshimiwa Kamishna ili nizipeleke mwenyewe, kituo kwa kituo, na gundi nitakuja nayo.

Kwa heshima,
Mwenye kibanda cha fotokopi na kuchapa barua,
mkaaji wa komini ya Katuba, Lubumbashi